Mpanda Mti Hapewi Habari

Kidude chenyewe kilikuwa kidogo, cha kuenea kiganjani, rangi ya chungwa lililoiva, na mimi sikukipenda tangu siku ya kwanza. Kililetwa hapa Mgori na watu wa mradi wa misitu, kwa ajili ya wanaume wetu wanaoingia msituni kurina asali, maana ukishapita mashamba ya mwisho simu haishiki tena hata upande juu ya kichuguu. Dada aliyekuja kufundisha alikuwa na kucha ndefu na subira nyingi. Alisema kidude hakihitaji mnara. Kinaongea na setilaiti huko juu, nayo setilaiti inanitumia mimi ujumbe kwenye simu yangu kama ujumbe mwingine wowote. Mume wangu Chediel akauliza kama hiyo setilaiti inasikia na mengine yanayosemwa porini. Watu wakacheka. Dada naye akacheka, akasema hapana mzee, inapata kile unachobonyeza tu.

Kulikuwa na kitufe cha pembeni. Ukikibonyeza, maneno yaliyokwisha kuandikwa yanaondoka yenyewe: "Niko salama." Kulikuwa na kitufe chekundu chini ya kifuniko, cha mtu aliyepatwa na hatari. Na ukitaka kusema maneno yako mwenyewe, lazima kidude kiunganishwe na simu ya kupangusa, uandike kwenye simu, kidude kirushe. Chediel alikuwa na simu ya kitochi tu, iliyofungwa raba ili betri isidondoke. Kwa hiyo kidude kikaunganishwa na simu ya mdogo wake Ezekieli, na namba ya kupokea ikawa yangu; nami nikijibu, jibu langu linaangukia kwenye simu ya Ezekieli. Kila kilichotoka kambini kwao kilinijia kwa namba moja ndefu ya ugenini, awe amekituma mume wangu au shemeji yangu. Wakati ule sikuona ubaya wowote hapo.

Chediel alikipenda kile kitufe cha pembeni kama mtoto anavyopenda filimbi. Asubuhi anabonyeza, jioni anabonyeza. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kurudi kutoka mahali akaniambia yuko salama. Alikuwa anaingia tu, anakaa, anasubiri chakula kimfuate. Sasa ananiambia asubuhi na jioni, tena kwa maneno ya mtu mwingine. Nilimtania hivyo, naye akasema afadhali maneno ya kukopa kuliko mdomo wangu usiolala.

Nieleze habari za Aneth, maana bila hizo hakuna kitakachoeleweka.

Aneth ndiye mtoto wetu wa pekee. Alipomaliza kidato cha nne alikwenda Itigi kumsaidia shangazi yake aliyekuwa anapika na kuuza chakula karibu na stesheni. Huko akapata mwanaume, Calist, fundi wa kuchomelea vyuma, wakaanza kukaa pamoja. Hapakuwa na posa wala mshenga. Chediel akapanda basi kwenda kumrudisha mwanawe. Watu wa Calist walimkalisha nje ya uzio, juani, tangu asubuhi mpaka jua likageuka, bila hata kumletea maji ya kunywa. Aneth alikuwa ndani na hakutoka. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alishindwa kutoka kwa aibu, si kwa kiburi, lakini mtu aliyekaa juani hawezi kuona aibu ya aliye ndani. Chediel alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akasema, "Huyo simjui."

Hakulitaja tena jina lake. Kijiji kizima kiliendelea kuniita Mama Aneth, ila yeye akaanza kuniita "wewe." Nilimkumbusha kwamba mkono ukinyewa na mtoto haukatwi. Akanijibu kwamba ni kweli haukatwi, lakini mtu ana haki ya kwenda kuunawa. Ndivyo alivyokuwa. Nilimpenda, na mara nyingine nilitamani kumtia mwiko wa ugali kichwani.

Mwezi wa sita, wakati alizeti zimekauka na upepo wa baridi unapita hadi ndani ya mifupa, walikwenda kurina. Walikuwa watatu: Chediel, Ezekieli na Zefania, jirani yetu. Nilimfungia unga wa uwele na chumvi, nikamtazama akiondoka, na sikumwambia jambo lolote zito, kwa sababu kwetu mpanda mti hapewi habari. Mizinga yetu hutundikwa juu sana. Mtu anapanda kwa kamba, moshi mkononi, nyuki usoni. Akiwa na jambo moyoni, mkono unashika tawi na akili iko kwingine. Kwa hiyo aliyekwisha kufunga kamba kiunoni haambiwi msiba wala ugomvi, haambiwi hata harusi. Mwenye habari anakaa chini ya mti ananyamaza mpaka mwenzake ashuke. Sisi wake zao tumelishwa kanuni hiyo pamoja na chakula cha harusi zetu.

Aneth alikuja Jumatatu, alasiri. Nilikuwa napura alizeti nyuma ya nyumba nikasikia mtu ananiamkia shikamoo kwa sauti ninayoijua. Niligeuka nikaona tumbo kwanza. Lilikuwa limeshuka, la mtu ambaye hana muda mrefu tena. Niliitikia marahaba, kisha nikamshika, na wote wawili tulilia tukiwa na makapi ya alizeti kichwani.

Hakuwa amekuja kutembea. Nesi wa kliniki alikuwa amemwambia kwamba mtoto amelala vibaya, kimshazari, ila bado kuna nafasi ya kugeuka, asiogope, ahudhurie tu kila anapoitwa. Aneth aliyasikia ya nesi kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa la bibi zake, waliosema kwamba mwanamke anayekwenda kuzaa huku baba yake ana kinyongo naye, mtoto hukataa njia. Dawa yake ni baba mwenyewe. Anapiga funda la maji, anamtemea binti yake tumboni, anasema kwa kinywa chake kwamba hana kinyongo. Basi.

"Mama, sitaki kitu kingine kwake," aliniambia. "Hata asiongee na mimi tena baada ya hapo. Anitemee tu yale maji."

Nikachukua simu. Nilifikiri: jioni mtu yuko chini, ameshamaliza kazi, anaota moto, hakuna mti wala kamba. Huo ndio wakati wake. Nikaandika: "Aneth yuko hapa nyumbani. Ni mjamzito, amekaribia. Anaomba radhi yako." Nilikodolea simu macho mpaka ikazima mwanga. Jibu halikuja.

Jumanne asubuhi simu ikalia. Aneth alifika kabla yangu, na tumbo lake lile. Kulikuwa na ile namba ndefu, na chini yake maneno mawili: "Niko salama."

Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alisema baba ameusoma ujumbe, na hilo ndilo jibu lake. Nilimwambia huyo ni mzee wa kubonyeza kitufe, pengine hajauona, pengine simu ya Ezekieli haina chaji. Nilisema mengi. Kwa kweli moyoni nami niliamini kwamba ameuona, na hasira ilinipanda hadi kwenye meno. Jioni ikaja nyingine: "Niko salama." Nilitamani kuitupa simu kwenye jiko. Mtu ana mtoto wake mmoja duniani, mtoto amekuja kwa magoti, na yeye anabonyeza.

Jumatano asubuhi ikaja ya tatu, ileile. Aneth hakulia tena. Alianza kukunja khanga zake na kuziweka kwenye mfuko, akasema atawahi gari la Singida mjini, na kesho yake aendelee mpaka Itigi. Nilimwona anavyoinama kwa shida kutafuta kandambili yake chini ya kitanda, nikashindwa kuvumilia. Niliandika bila kupima maneno: "Mtoto anaondoka sasa hivi. Umebonyeza vya kutosha. Kama wewe ni baba sema neno moja."

Nilimzuia Aneth kwa chai. Nilimwambia asubiri maji yachemke, halafu asubiri iive, halafu asubiri ipoe. Chai ilikuwa bado mkononi mwake simu ilipolia.

"Aneth asiondoke. Ni mwanangu. Sina kinyongo naye. Nikifika nitamtemea maji. Asante Mama Aneth kwa kumpokea."

Niliusoma kwa sauti, nikausoma tena, kisha nikampa Aneth ausome mwenyewe kwa sababu macho yangu yalikuwa hayaoni. Alikuwa ameniita Mama Aneth! Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuitwa "wewe" nyumbani kwake anaweza kuelewa. Nilisema kumbe porini mtu hupata nafasi ya kufikiri. Nilisema Mungu ametenda. Aneth aliiweka simu juu ya tumbo lake, akaishikilia pale kwa mikono miwili, akacheka kama alivyokuwa akicheka akiwa darasa la pili.

Nilichinja jogoo. Si kwamba Chediel alikuwa anafika siku hiyo, hapana, nilidhani bado wana siku kadhaa. Nilichinja kwa furaha tu, jambo ambalo mwenyewe angelipigia kelele. Ndipo wanawake wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Redempta, mke wa Zefania, amebeba ungo wake. Akasema amekuja kunisaidia kupepeta alizeti. Nikamtania kwamba toka lini anajua shamba langu liko wapi. Wakaja wengine, mmoja na kuni, mmoja na ndoo ya maji kichwani, wote kimya kimya, wote na khanga za pili mabegani. Nilidhani wamesikia kwamba Aneth amerudi na wanaona haya kuuliza. Kwa hiyo niliwaambia mwenyewe. Niliwasomea ule ujumbe. Redempta aliniangalia, kisha akanikumbatia kwa nguvu kuliko habari yenyewe ilivyostahili. Niliwapakulia mchuzi wa jogoo. Waliula huku wamenitazama, na nilipocheka walicheka.

Walijua; mimi niliyapata haya baadaye, baada ya mazishi. Zefania alikuwa ameondoka kambini Jumanne mchana, giza likampoteza njia, akaingia kijijini alfajiri ya Jumatano, moja kwa moja kwa mwenyekiti. Wazee walikwisha kaa, polisi walikwisha julishwa, mkokoteni wa ng'ombe ulikwisha ondoka kwenda msituni. Kijiji kizima kilijua isipokuwa nyumba yangu, maana hapa kwetu mwanamke haambiwi kifo cha mumewe akiwa amesimama peke yake. Lazima kwanza wawepo watu wa kumshika. Hao ndio niliokuwa nawapakulia mchuzi.

Jua lilipoanza kulala, mzee Melkizedeki, mwenyekiti wetu, aliingia uani na wazee wenzake, kofia mkononi. Aliniomba nikae. Nikamwambia nina masufuria ya kuosha. Hapo ndipo wanawake waliposogea pande zote, Redempta akanishika kiuno kutoka nyuma, na nikajua kila kitu kabla mzee hajatamka. Nilimsikia Aneth akipiga ukelele mmoja tu. Kisha nikausikia mkokoteni barabarani.

Ezekieli alikuwa anatembea nyuma yake. Nguo zake zilikuwa na damu iliyokauka, na kile kidude cha rangi ya chungwa kilikuwa bado kinaning'inia kifuani mwake. Mume wangu alikuwa amefungwa kwenye turubai walilokuwa wameondoka nalo, lile ambalo mimi mwenyewe huanikia alizeti. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti, walisema, tawi lilimkatikia, hakuteseka. Nilipiga kelele, nikakatazwa, nikapiga tena. Sitaki kueleza zaidi jioni ile.

Tulizika Alhamisi. Nilikaa kwenye mkeka, Aneth pembeni yangu, ubavu wake umegusa wangu. Kitu kimoja kilikuwa kinanishikilia nisizame kabisa, na nadhani yeye pia: kwamba alisamehe. Kwamba kabla hajapanda ule mti alikuwa amelisema. Aneth alimwambia kila aliyekuja kumpa pole kwamba baba alimwita mwanangu. Alikuwa anaonyesha simu. Watu walikuwa wanatikisa kichwa na kufuta macho, na mimi nilijiambia, sawa, Mungu amemchukua lakini alimwacha kwanza amfunge mtoto jeraha.

Mchungaji alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma mahali alipozaliwa, shule aliyosoma, alivyobatizwa, alivyofunga ndoa na mimi. Halafu akasoma kwamba marehemu aliaga dunia siku ya Jumanne, kabla ya saa sita mchana, akiwa kazini katika msitu wa Mgori.

Jumanne.

Nilidhani mchungaji amekosea. Niliwatazama wazee nione nani atasahihisha, na hakuna aliyesahihisha. Nikamtazama Ezekieli ng'ambo ya kaburi, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Ndipo nikakumbuka kwamba ujumbe ule ulikuja Jumatano. Nilimgeukia Aneth haraka nione kama amesikia. Alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya khanga, mabega yanatikisika, na wanawake nyuma yetu walikuwa wameanza kulia kwa sauti. Niliomba sauti zao ziwe zimemeza lile neno.

Mjane hatakiwi kuondoka kwenye mkeka. Mimi niliondoka. Watu walipokuwa wanakula, nilimfuata Ezekieli nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wangu wa kupuria, nikamkuta amekaa juu ya gunia na mikono yake katikati ya magoti. Aliponiona alisimama.

"Alikufa Jumanne," nilisema.

"Jumanne, shemeji."

"Na salama ya jioni ile?"

"Ni mimi."

"Na ya Jumatano?"

"Zote mimi. Ya mwisho kuibonyeza yeye ni ya Jumanne asubuhi."

Alieleza huku anatazama chini. Zefania alipoondoka kuleta watu, yeye alibaki na kaka yake, amemfunika, anafukuza nzi. Jua likashuka, na akajua kwamba mimi nasubiri salama ya jioni. Isipokuja nitapatwa na kiwewe, nitatoka mbio, nitayasikia njiani kwa mtu yeyote. Akabonyeza. Alisema alikifungua hata kile kifuniko cha kitufe chekundu. Lakini dada wa mradi aliwafundisha kwamba ukikibonyeza, watu wa huko mbali hupiga kwanza simu ya nyumbani kuuliza, na simu ya nyumbani ni yangu. Ningepigiwa na mgeni, niko shambani peke yangu. Na kaka alikuwa ameshakata roho, hakuna ambaye angewahi. Akakifunika tena.

Asubuhi akabonyeza salama nyingine. Ndipo ujumbe wangu wa pili ukaingia, ule wa hasira.

"Nikaona mtoto anaondoka," alisema. "Anaondoka siku ambayo baba yake analetwa. Wangepishana barabarani, shemeji. Yeye kwenye gari, kaka kwenye mkokoteni. Nikaandika."

Sikumpiga. Nilibaki na swali moja, lile ambalo lilikuwa limenitoa kwenye mkeka, na niliogopa kuliuliza kuliko nilivyoogopa kulitazama kaburi. Kama Chediel aliusoma ujumbe wangu wa kwanza akanyamaza, hilo ni jibu baya, lakini ni lake. Kama aliusoma akatabasamu hata kidogo, ningeishi na hilo tabasamu mpaka nife.

"Ule wa kwanza," nilisema. "Alisema nini ulipomsomea?"

Ezekieli alianza kulia kabla hajajibu. Alisema Jumatatu jioni walikizima kidude mapema kutunza chaji. Asubuhi walikiwasha, Chediel akabonyeza salama yake kama kawaida, akamrudishia mdogo wake, akaenda mtini. Ujumbe wangu ulichukua muda kushuka. Ulipoingia kwenye simu, Ezekieli aliusoma, akamtazama kaka yake, na kaka yake alikuwa ameshafunga kamba kiunoni.

"Nilikaa chini ya mti," alisema. "Nilikuwa na furaha, shemeji. Nilikuwa nimeishika simu hivi, nangoja ashuke nimwambie."

Nilikaa juu ya gunia. Nilikuwa na hasira na sikupata pa kuiweka. Angemwambia, na Chediel akaanguka, ningesema amemuua. Alifanya vile ambavyo mimi ningefanya, vile ambavyo Chediel mwenyewe angemfanyia. Alinyamaza kama watu wetu wote wanavyonyamaza, na mume wangu amekwenda bila kujua kwamba mwanawe yuko nyumbani kwake, anakunywa uji kwenye kikombe chake. Hakusamehe na hakukataa, kwa kuwa hakuulizwa.

Niliuliza kama kaka yake alikuwa amemtaja Aneth, hata kwa bahati mbaya, hata kwa kumlaani. Ezekieli alitikisa kichwa. Hakumtaja.

Nilijifuta uso kwa pindo la khanga. Nilimwambia kwamba Aneth hatajua. Mchungaji alikosea siku, basi, na atakayeuliza ajibiwe hivyo. Mtoto amelala vibaya tumboni mwake, na nitaapa kwa Biblia yoyote kwamba baba yake aliandika yale maneno kwa mkono wake. Ezekieli alikubali. Nadhani angekubali hata nikimwambia aingie kaburini.

Tuliposimama kuondoka, Aneth alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Alikuwa ameshika bakuli la maji kwa mikono yote miwili.

Sikujua amesimama pale tangu lini. Alikuja polepole, anaangalia maji yasimwagike. Alisema mbele ya kaburi aliisikia ile Jumanne, kama sisi wote. Alisema pia kwamba alipousoma ule ujumbe mara ya kwanza, kuna mahali palipoandikwa asante, na baba yake hakuwa mtu wa asante, lakini yeye mwenyewe alitaka sana ujumbe uwe wa baba.

Kisha akamgeukia Ezekieli. "Baba mdogo, baba angesema nini?"

Nilimwangalia shemeji yangu kwa macho ya kumwamuru. Porini, kwenye simu, aliweza. Hapa, mbele ya uso wa binti wa kaka yake, alishindwa.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijui."

Aneth aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea kitu. Akamwekea bakuli mikononi. Alisema baba akifa ndugu yake ndiye baba, hiyo ndiyo desturi, na yeye hana mwingine wa kumwendea. Akaliinua gauni lake kidogo, akafumba macho.

Ezekieli alipiga funda. Kilio kilimkaba maji yakiwa mdomoni, yakamtoka, yakamchuruzika kifuani kwenye shati lake la mazishi. Akapiga funda jingine. Safari hii aliyashikilia, akamtemea, na matone yakatua kwenye tumbo la mwanangu yakaanza kutelemka. Yalibaki maneno, kwa sababu maji peke yake hayafungui kitu. Anayetema lazima aseme yeye ni nani, na kwamba hana kinyongo.

"Sema, Ezekieli," nilimwambia.

"Mimi," alianza. "Mimi baba yako."

"Abee, baba," Aneth akaitika, macho yamefumbwa, akangoja.

Lile neno la kinyongo Ezekieli hakuweza kulifikia. Sote watatu tukabaki tumesimama pale, tunangoja.